Anayesikiliza asiwe mwenye kiboko

Katika shule ya serikali, iwe ya Kisiba hapa Rungwe mkoani Mbeya au ya Kibaha, orodha ya majukumu ya walimu hubandikwa ukutani ofisini, na mahali fulani katika orodha hiyo, baina ya mwalimu wa michezo na mwalimu wa mazingira, huwapo jina la mwalimu wa malezi na unasihi. Halikufika hapo kwa bahati. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa waraka ulioagiza shule zianzishe huduma ya ushauri na unasihi, na tangu hapo mgeni wa kiofisi akiuliza, jina linaonyeshwa. Kinachoulizwa mara chache ni kazi nyingine anazofanya mwenye jina hilo. Anafundisha vipindi vyake kama wenzake. Anasahihisha. Zamu yake ikifika, ndiye anayesimama paredi asubuhi kuhesabu waliochelewa, na mara nyingi ndiye anayewaadhibu. Mchana huohuo, mlango ukiwa wazi na walimu wengine wanne wakiwa mezani mwao, anatakiwa awe mtu ambaye msichana wa kidato cha pili atamweleza kwamba nyumbani hapati usingizi kwa sababu ya mjomba.

Mwaka huohuo wa 2002 serikali ilitoa pia kanuni za adhabu ya viboko chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Zinasema viboko vitolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyekasimiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nyaraka mbili basi, za mwaka mmoja, zilikwenda kwenye shule zilezile, zikaangukia mikononi mwa watu walewale. Mmoja ulimpa mwalimu sikio, mwingine ukamwachia fimbo. Ninachodai hapa ni kwamba viwili hivyo havikai mkononi mwa mtu mmoja, na mpaka tutakapovitenganisha, shule zetu zitaendelea kuwa na mnasihi wa karatasi.

Ushahidi wa kwanza ni ukimya wenyewe. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011 na serikali pamoja na UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walipata kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takribani mmoja katika kila 7. Takwimu hiyo ilisomwa sana. Iliyosomwa kidogo ni ile inayofuata: kama nusu ya wasichana hao, na zaidi ya theluthi mbili ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Na katika utafiti huohuo zaidi ya nusu ya vijana walisema wamewahi kupigwa na mwalimu. Ziweke takwimu hizo pamoja uone zinavyozungumza. Mtoto hutazama mkono kabla ya kufungua kinywa. Kama mkono huo jana ulishika kiboko, atasema tumbo linamuuma, ataomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na kwenye rejesta ataandikwa mtoro.

Hapa Rungwe kuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho la historia, maana ni sehemu chache Afrika zilizowahi kuweka malezi ya kijana katika mpangilio wa makazi kama walivyofanya Wanyakyusa. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huku baina ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya rika. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja hivi, aliacha kulala kwa baba yake, akaenda na wenzake kujenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha wakubwa. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kundi zima nyumba hadi nyumba, ila usiku na mazungumzo yalikuwa ya rika. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951, Good Company, kimejengwa juu ya neno moja la Kinyakyusa, ukwangala, yaani ule utamu wa kukaa na wenzako mkizungumza. Wenyeji walimweleza kwamba mtu hupata akili na adabu kwa kuzungumza na wenziwe, na kwamba aliyekaa peke yake hukua mzito. Hawa walikuwa wakulima na wafugaji wa ng'ombe, hawajasoma saikolojia ya mtu yeyote.

Sitaki kuyapamba ya kale. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Waliolewa mapema, aghalabu na watu waliowazidi umri sana, na mfumo mzima ulisimama juu ya ng'ombe na mamlaka ya wazee. Vijiji hivyo vilivunjwa na uhaba wa ardhi, kahawa, chai, na safari za vijana kwenda kuchimba dhahabu Lupa au kwenye migodi ya kusini. Shule ikaja ikawakusanya tena watoto wa rika moja, wakakaa darasa moja kuanzia asubuhi hadi jioni, na katika hilo ilifanana na kile kijiji cha zamani kuliko taasisi nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba katika kijiji cha rika kuzungumza ndiyo ilikuwa shughuli. Darasani kuzungumza ni kosa, na msimamizi huandika majina ya waliopiga kelele.

Kwa hiyo mtu akisema mnasihi au mwanasaikolojia wa shule ni kitu cha Wazungu, nusu ana haki. Cheo ni cha kwao. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa ziada, na mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha kwanza. Mwaka 1915 jimbo la Connecticut, Marekani, likamwajiri Arnold Gesell, ambaye wengi wanamhesabu kuwa wa kwanza kubeba cheo hicho. Tukumbuke hata hivyo alichoajiriwa kufanya: kuwafuata watoto waliokuwa wakishindwa shuleni na kujua kwa nini. Kazi hiyo kwetu imesahaulika. Tukisikia unasihi tunafikiria mtoto anayelia, au msichana aliyepata mimba. Mwanasaikolojia wa shule huanza na swali la kawaida zaidi: huyu haelewi kwa sababu gani? Pengine haoni ubaoni na hajui kwamba wenzake wanaona. Pengine sikio moja halisikii. Pengine herufi humchanganya ingawa kwa mdomo ni hodari. Mtoto wa Kisiba huzungumza Kinyakyusa nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Katika mkusanyiko huo wa lugha tatu, mtoto mwenye akili timamu anaweza kuonekana kilaza kwa miaka minne, akatoka na sifuri, na hakuna aliyewahi kukaa naye nusu saa kumpima.

Kuna na mengine ambayo rejesta haiyaonyeshi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 uliikuta Mbeya na maambukizi ya virusi vya Ukimwi ya asilimia 9.3 kwa watu wazima, mkoa wa tatu nchini baada ya Njombe na Iringa. Maana yake ni watoto wanaolelewa na bibi, na wengine waliozaliwa na virusi wanaomeza dawa kila siku wakiogopa mwenzao wa bwenini asione kopo. Kuna wanaopanga chumba karibu na shule ya kata kwa sababu nyumbani ni mbali, wanajipikia wenyewe wakiwa na miaka kumi na minne, na geto hilo halina mkubwa wa kuuliza nani ameingia saa nne usiku. Kuna msichana aliyejifungua na kurudi darasani baada ya waraka wa Novemba 2021 kuruhusu hilo, ambaye waraka umemfungulia geti lakini haukumwambia akae dawati gani, wala awajibu nini wanaomcheka.

Mfano mkubwa kuliko yote ya shule kushindwa kusoma nyoyo za wanafunzi wake ni wetu wenyewe, na dunia inaujua kuliko sisi. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na hawakuweza kunyamaza. Kicheko kilichanganyika na kilio, kikahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kufikia tarehe 18 Machi shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Walirudishwa Mei, ikaanza upya, ikafungwa tena. Wale waliopelekwa makwao waliipeleka pia. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa, na kabla mambo hayajatulia shule 14 zilikuwa zimefungwa. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakachunguza chakula na maji, hawakupata sumu wala mdudu. Katika taarifa waliyoichapisha mwaka 1963 wameacha jambo moja dogo ambalo mimi naliona ndilo kubwa: hakuna mwalimu hata mmoja aliyeshikwa. Ugonjwa uliwachagua waliokuwa chini, waliokuwa mbali na kwao, wasio na ruhusa ya kulalamika. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukuwa na pa kukisemea. Mpaka leo, wasichana wa bweni wakianza kuanguka na kupiga mayowe, hatua ya kwanza ni kumwita mchungaji au shehe aje kukemea mapepo, na ya pili ni kuwarudisha nyumbani. Siwabezi wanaoomba dua. Ila hatua ya tatu, ya kukaa na wale watatu wa mwanzo mmoja mmoja na kuwauliza kilichotangulia, hukosa mtu wa kuifanya.

Je, mtu huyo akiwepo husaidia kweli, au ni mshahara mwingine tu? Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 74 za sekondari za serikali jimboni Bihar, India, mahali penye umaskini na madarasa yaliyojaa kama kwetu. Shule ziligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mpango wa afya na unasihi ukiendeshwa na mtu wa kawaida, asiye mwalimu, aliyepata mafunzo. La pili lilipewa mpango uleule ukiendeshwa na mwalimu wa shule. La tatu liliendelea kama zamani. Katika kundi la kwanza uonevu ulipungua, ukatili ukapungua, dalili za sonona zikapungua, na wanafunzi wakasema shule imekuwa mahali pazuri zaidi. Katika kundi la mwalimu hakukuonekana badiliko lolote la maana. Mpango ni uleule, shule ni za mkoa uleule. Kilichotofautiana ni nani aliyeubeba. Sijui hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya desturi yetu ya kumwongezea mwalimu kofia nyingine kichwani. Karibu zaidi na kwetu, vijana wa Kenya walio chini ya mpango unaoitwa Shamiri walifundishwa kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari kwa vikao vinne tu. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021, lilionyesha sonona na wasiwasi vikipungua kuliko kwa wenzao waliopewa mbinu za kujisomea. Wale viongozi wa vikundi walikuwa wametoka shule juzi tu.

Haya hayasemi kwamba walimu hawafai. Hapahapa Tanzania jaribio lililofanywa katika shule za sekondari za serikali na kuchapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba mafunzo ya siku chache yanaweza kupunguza kupiga na kutukana kunakofanywa na walimu. Mwalimu hubadilika. Lakini mwalimu aliyebadilika bado ana vipindi, bado anatoa alama, bado anaishi mtaa mmoja na mzazi na huenda ni ndugu yake. Katika kata ambayo kila mtu anamjua mjukuu wa kila mtu, siri inahitaji mtu ambaye kazi yake ni kuitunza.

Pingamizi linalosikika kwa sauti kuliko yote ni la nidhamu. Tutazame Kenya, wanasema: waliondoa kiboko mwaka 2001, na mabweni bado yanaungua. Ni kweli yanaungua. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Endarasha, Nyeri. Lakini anayeitoa hoja hii huanza kuhesabu anapotaka. Wasichana 26 waliteketea Bombolulu mwaka 1998, na viranja wanne wa Nyeri walichomwa moto na wanafunzi wenzao mwaka 1999, kiboko kikiwa halali na kinatumika. Wala hatuna haja ya kuvuka mpaka. Oktoba 2019, hapa hapa mkoani Mbeya, mabweni ya sekondari ya Kiwanja wilayani Chunya yaliungua baada ya mvutano wa simu za mkononi, na mkuu wa mkoa wa wakati huo, Albert Chalamila, akawachapa wanafunzi 14 mbele ya kamera. Rais wa wakati huo alimsifu. Watu walibishana wiki nzima kama alistahili kuwachapa, na katika mabishano yote sikusoma aliyeuliza ilikuwaje shule yenye kiboko, viranja na walimu wa zamu isijue kwamba wanafunzi wake wamefika mahali pa kuwasha kiberiti. Adhabu hufika baada ya tendo. Taarifa ya kabla ya tendo humfikia mtu anayeaminiwa. Kosa la Kenya ninaliona kwingine: waliondoa fimbo, na unasihi wakaukabidhi kwa walimu walioendelea kubeba vipindi vyao. Na wale wanaotuambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, methali ni nzuri na inabaki palepale. Mnasihi naye hamchelei mtoto kulia. Tena kilio ndicho anachokitafuta, kwa sababu kina habari ndani.

Pingamizi la pili lina heshima zaidi. Tuna wazee, tuna shangazi na bibi, tuna makanisa ambayo Wamoravian waliyapanda Rungwe tangu 1891, kwa nini tumlipe mgeni? Nakubali kwamba bibi mmoja mwenye busara anazidi vyeti vitatu. Zimbabwe wamelifanya jambo hilo kuwa mfumo: daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, na jaribio lililochapishwa 2016 likathibitisha kwamba wanasaidia. Angalia lakini: walifundishwa, na walisimamiwa. Busara isiyo na mafunzo ikisikia ya mjomba, mara nyingi huita kikao cha ukoo, kikao hutoza faini ya ng'ombe, na mtoto hurudishwa kulala nyumba ileile.

Fedha ndiyo pingamizi gumu, na hapa ndipo watetezi wa unasihi hujiharibia kwa kunakili viwango vya Marekani, ambako chama cha wanasihi wa shule kinapendekeza mmoja kwa wanafunzi 250. Hatutafika huko karibuni na si lazima tufike. Tanzania Bara ina kata zinazokaribia 4,000. Tunaye mtendaji wa kata, tunaye afisa elimu kata, kwingine tunaye afisa ugani anayezunguka na pikipiki kwenye mashamba ya viazi na parachichi. Mnasihi wa kata angehudumia shule zote za kata yake, msingi na sekondari, kila shule siku yake, akiwa na chumba chenye mlango unaofungwa. Nchi nzima ingehitaji watu wasiofika elfu nne. Mwaka 2022 pekee serikali ilitangaza ajira 9,800 za walimu. Na wa kuajiriwa wapo: Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinatoa shahada za ualimu zenye saikolojia, na wahitimu wake wakipata kazi hupewa vipindi vya somo lao la kufundishia kama mwalimu yeyote, saikolojia ikabaki kwenye cheti.

Huyo wa kata hatakuwa daktari, wala asijifanye. Atakalolijua vizuri ni mpaka wa kazi yake. Dalili za ugonjwa, anaandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya pale Makandana mjini Tukuyu, na zikizidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, safari ya kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu. Jinai dhidi ya mtoto, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na simu ya bure 116. Siri yake ina mwisho pale maisha ya mtoto yanapokuwa hatarini, na mtoto aambiwe hivyo tangu kikao cha kwanza. Asiwajibike kwa mkuu wa shule, maana kuna siku malalamiko yatamhusu mkuu wa shule. Njaa hataiondoa. Umbali hataufupisha, wala mvua ya Tukuyu haitapungua kwa ajili yake.

Halmashauri ya Rungwe inaweza kuanza na kata moja, na Kisiba inafaa kama nyingine yoyote. Hilo ni la madiwani na bajeti yao, na litachukua muda. Kuna dogo lisilongoja bajeti. Mwalimu wa malezi na unasihi aondolewe kwenye zamu, na jina lake lifutwe kati ya walioruhusiwa kuchapa. Kanuni za 2002 zinasema ruhusa hiyo hutolewa kwa maandishi na mkuu wa shule. Aliyeiandika ndiye anayeweza kuifuta, hata Jumatatu hii.